Kadi Moja, Vioo Viwili

Kama gazeti la wiki iliyopita limeshafungiwa maandazi, nakurudisha kwa ufupi tu, maana sina raha ya kuyasimulia haya mara mbili.

Mimi ni Ignatio, yule wa kompyuta kwenye hospitali ya misheni, huku milimani Mbinga. Alikuja daktari bingwa wa upasuaji, padre akatangaza misani kwamba kila mama mwenye uvimbe wa titi aende akaonwe. Akina mama wakaja, wakakatwa vinyama vidogo, vinyama vikawekwa kwenye vioo vya maabara.

Kwetu hapakuwa na mtu wa kuvisoma vioo vile. Wasomaji wako ng'ambo. Kwa hiyo Luisa wa maabara alivipiga picha kwa kamera iliyofungwa juu ya hadubini, na programu niliyoiandika kwa mkono wangu ikazisafirisha picha kupitia dishi la setilaiti mpaka kwenye seva yao. Njia yenyewe imefungwa kwa siri, ili asitokee mtu katikati akachungulia titi la mama wa watu. Jibu likiwa tayari, programu hiyohiyo inalifuata na kulileta.

Niliwaacha nikiwa naruka uwanjani kama ndama. Jibu la mama yangu lilikuwa limerudi: hakuna saratani.

Kuruka kwenyewe sikukumaliza hata wiki.

Nyumbani Mkumbi mama alichinja jogoo. Shangazi Gertruda alikuwepo. Huyu ni dada wa marehemu baba, ameolewa chini kule Mbamba Bay kwa mzee Stephano, na alipanda huku juu kwa ajili ya daktari huyohuyo. Yeye na mama walikwenda pamoja, wakakaa foleni pamoja.

"Kadi yetu imesema safi," mama alimwambia wifi yake, akamwekea paja la kuku.

Shangazi akacheka, akala. Siku ya pili akafunga mizigo arudi ziwani. Binti yake Glorious amejifungua upande wa Malawi, na meli ilikuwa inatarajiwa.

Mimi nikarudi kazini nikipiga mluzi.

Ndipo Luisa akaingia ofisini kwangu na swali lake.

"Kaka Ignatio, lile jibu la pili linakuja lini?"

"La pili la nani?"

"La kadi ileile. Mimi nilipiga picha vioo viwili."

"Viwili vya nani, Luisa?"

"Sijui. Namba ni moja, kimoja kimeandikwa kushoto, kimoja kulia. Nilidhani ni mtu mmoja mwenye pande mbili. Jibu nimeona moja tu."

Tukaenda wote kwenye daftari la zamu. Mstari mmoja: Tadea, ambaye ni mama yangu. Mstari unaofuata: Gertruda. Mbele ya majina yote mawili, namba moja ya kadi, na upande haukuandikwa.

Nilikaa chini hapohapo kwenye sakafu ya maabara.

Tangu hospitali zianze kuchangisha, kadi mpya inalipiwa. Watu wa kwetu si wajinga. Inakatwa kadi moja, inatibia nyumba nzima. Baba anaumwa kiuno, kadi. Mtoto anaharisha, kadi. Mgeni katoka ziwani, kadi. Mimi mwenyewe nimepona malaria mara nyingi kwa kadi ya kaka yangu, nikiitikia jina lake dirishani bila haya.

Na mimi huyuhuyu, mtoto wa nyumba ile, nimekwenda kuandika programu inayoamini kwamba kadi moja ni mtu mmoja!

Daktari alisema majina ya wagonjwa yasionekane popote. Nikaona nimepata akili: kila picha nikaipa namba ya kadi. Picha ya kwanza ikafika kwenye seva ikakaa na namba yake. Ya pili ikafika na namba ileile. Seva haina mdomo wa kuuliza. Ikaiweka ya pili juu ya ya kwanza, na ya kwanza ikapotea kabisa.

Huku kwetu nako hakukubaki kitu. Niliiagiza programu kwamba picha ikishafika ng'ambo ifutwe hapa, picha ya mgonjwa isilale kwenye kompyuta ya ofisi. Kwa hilo nilisifiwa kikaoni, nikapigiwa makofi.

"Kwa hiyo lile jibu la safi ni la nani?" Luisa aliuliza.

"Ni la kioo kilichotumwa mwisho."

"Na cha mwisho ni cha nani?"

"Luisa, ningejua ningekuwa nimekaa sakafuni?"

Bahati vioo vyenyewe alikuwa hajavitupa. Akavipiga picha upya. Safari hii nikabadilisha programu, kila picha ikabeba namba ya kadi na neno la upande, na ikikuta jina la picha limeshatumika inakataa na kupiga kelele. Nilifanya kazi hiyo kwa hasira. Nikabonyeza itume.

Ikagoma.

Si kwamba dishi lilikuwa limelala. Lilikuwa macho. Programu ilifika mpaka mlangoni kwa seva, ikageuka, ikaniandikia onyo refu kwenye skrini.

Nieleze kidogo, maana hapa ndipo nilipotaka kuivunja kompyuta. Kila seva ina alama yake, kama alama ya kidole cha mtu. Programu inaikariri alama hiyo siku ya kwanza, na kila ikirudi inalinganisha. Siku hiyo alama ilikuwa nyingine. Huenda seva ni mpya. Huenda pia ni tapeli amesimama katikati ya njia anajiita seva, anasubiri nimkabidhi picha kwa mikono yangu miwili.

Sista Otilia, mkuu wa wauguzi, alikuja kusimama nyuma ya kiti changu. Daktari bingwa alikuwa amerudi kwa ajili ya kupasua wale waliokutwa na ugonjwa, na wiki yake ilikuwa inakwisha.

"Ignatio, daktari anauliza majibu."

"Programu imekataa, Sista. Inasema haiijui hiyo seva."

"Huwezi kubonyeza tu ikubali?"

"Naweza. Ni mstari mmoja tu wa programu."

"Sasa unangoja nini?"

"Nikikosea, matiti ya parokia nzima yanakwenda kwa mwanamume nisiyemjua."

Sista akaishika rozari yake.

"Basi usibonyeze," alisema. "Lakini fanya haraka."

Usibonyeze, lakini fanya haraka! Ndiyo kazi yangu hiyo, ndugu msomaji. Ndiyo ninayolipwa kwayo.

Dawa ilikuwa moja: kumpigia simu mwenye seva anisomee alama kwa mdomo wake. Mwenye seva ni Hamphrey, mtoto wa ziwani, tulisoma darasa moja, sasa yuko huko ng'ambo anaitunza. Mwaka ule kampuni za simu zilikuwa zinagombania kusimika minara, lakini hospitalini kwetu mtandao ulikamatika sehemu moja tu, nyuma ya mochwari. Nikasimama pale na karatasi mkononi, nimeegemea ukuta ambao sipendi kuuegemea.

"Hamphrey! Umebadilisha seva?"

"Eeh, ile ya zamani iliungua. Nilikutumia barua pepe."

"Barua pepe nitaisomaje na dishi lilikuwa limelala mpaka jana?"

"Sasa mimi nitajuaje kama limelala?"

"Nisomee alama."

"Haya. Nne, B, saba..."

"B au D?"

"B!"

"Sisikii! B ya nani?"

"B ya Bonifasia!"

"Endelea."

"D ya Damiano. Tisa. C..."

"C ya nani?"

Nikadhani simu imekatika.

"Hamphrey! C ya nani?"

"Ya Cosmas! Kosmas na Damiano! Wewe si mkatoliki wewe? Mimi Muanglikana nikufundishe watakatifu wenu?"

Tukaenda hivyo mpaka mwisho, yeye akisoma, mimi nikitia alama kwa kalamu, na ndugu wa marehemu mmoja waliokuja kuchukua mwili wakinitazama kama mwendawazimu anayeita majina ya watakatifu nyuma ya mochwari. Ikalingana yote. Seva ilikuwa yake kweli.

"Kuna nini lakini?" Hamphrey aliuliza. "Sauti yako siyo."

Nikamwambia. Naye akaacha utani.

"Tuma. Nitamfuata daktari wa huku mezani kwake avisome leoleo."

Nikakimbia ofisini, nikaifundisha programu alama mpya, nikabonyeza. Ikaingia. Picha ya kushoto ikaanza kusogea, taratibu, kama kobe aliyeshiba. Ilipofika kama nusu, umeme ukakatika.

Nikasubiri jenereta. Jenereta haikuunguruma.

Nikatoka nje. "Jenereta vipi?"

"Dizeli imekwisha," mlinzi alinijibu. "Dereva kaifuata Kitai."

"Kwa nini Kitai? Mbinga hapo hakuna dizeli?"

"Kitai anachukua na magunia yake ya mahindi."

Nilipiga teke ndoo ya watu. Nikaiomba radhi ndoo, kwa sababu mwenye ndoo alikuwa anatazama.

Nijisifu kwa jambo moja tu, maana mengine yote ni ya kujikosoa. Picha ikiwa njiani, programu yangu huipa jina la muda. Jina la kweli inalipata ikishafika nzima. Kwa hiyo ile nusu haikusomwa na mtu. Wangesoma nusu ya titi wakaniambia nusu ya jibu, sijui ningekuwa wapi leo.

Dizeli ikaja na mahindi yake. Nikatuma upya, zote mbili zikafika. Siku iliyofuata asubuhi programu ikaleta faili mbili ndogo. Nikazifungua.

Kulia: hakuna saratani.

Kushoto: ni saratani, akatwe mapema.

Nilizisoma tena na tena, nikitumaini skrini imekosea. Kwa hiyo mama au shangazi, mmoja wao anaumwa, na wote wawili nimewaambia ni wazima na jogoo ameliwa!

Daktari bingwa hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Alivua miwani akaifuta.

"Vioo vina upande. Tafuta nani alikatwa kushoto, basi. Kesho asubuhi nampasua huyo kwanza, mchana naondoka kwenda Songea. Sirudi mpaka mwakani. Mwakani itakuwa imechelewa."

Nikamtuma mtu na baiskeli amlete mama kutoka Mkumbi. Alikuja na khanga yake ya Ekaristi, kama anayekuja kwenye sherehe. Nikamkalisha kwenye benchi la korido, na pale nikafanya ujinga mwingine.

"Mama, kuna kosa limetokea. Kioo kimoja ni kibaya. Ni cha kushoto. Wewe ulikatwa wapi?"

"Kushoto," alisema.

Hakusita hata kidogo. Alijibu kabla sijafunga mdomo.

"Mama, nimekosea kukutajia. Niambie ukweli."

"Nimekwambia. Kushoto. Andika langu, nikatwe kesho, yaishe."

"Na shangazi alikatwa wapi?"

"Shangazi yako mwache aende kwa binti yake."

"Mama, sikuulizi habari za safari! Nakuuliza alikatwa upande gani?"

"Nimesema mwache, Ignatio."

"Basi ingia humo ndani, nesi akuangalie. Ni dakika moja tu."

Mama akajifunga khanga vizuri.

"Leo sivui nguo. Nitavua kesho mezani, wataona wenyewe."

Jamani, mimi namjua mama yangu. Ndiye yule ambaye mahindi yakipungua anasema hana njaa. Ndiye aliyevaa viatu vya marehemu baba mwaka mzima ili mimi nivae vyangu shuleni. Nikaona kila kitu wazi: ni cha Gertruda, na mama anajitoa akatwe badala yake, mwenzake aende akambebe mjukuu bila dukuduku. Hasira ikanipanda mpaka masikioni.

"Mama, ukikatwa wewe yeye haponi! Ugonjwa haukopeshwi!"

"Usinipigie kelele hospitalini."

Sista Otilia akatokea na karatasi ya kukubali upasuaji. Kwetu mtu mzima haingii chumba cha upasuaji kwa saini yake mwenyewe. Lazima ndugu asaini, na ndugu pale nilikuwa mimi peke yangu.

"Saini hapa, Ignatio, nimwandae mama."

"Sisaini."

"Husaini nini?"

"Sisaini mama yangu akatwe titi zima la bure! Nakwenda Mbamba Bay. Nitamleta mwenyewe, au nitaleta jibu la upande wake. Bila hivyo, karatasi hiyo ikae."

Mama akanishika mkono. Alinishika kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

"Usimfuate wifi yangu. Nakuomba. Ignatio, nakuomba mimi mama yako."

Nikautoa mkono wake. Hapa ninasema yote, basi na hilo nalisema: niliutoa kwa nguvu, nikaondoka bila kuaga.

Nikabahatisha landrova iliyokuwa inashuka, nimekaa juu ya gunia la sukari na mtungi wa mafuta ya taa miguuni. Barabara ile mnaijua. Kila kona ya mlima niliona ziwa limetandaa chini, na kila kona nikajiambia tunakaribia, na kila kona dereva akasimama kumwaga maji kwenye rejeta. Nilimwambia aongeze mwendo. Akaniambia nishuke nisukume ziwa lije karibu.

Jua lilikuwa limeinama tulipofika. Meli ilikuwa imesimama kule mbele ya ghuba, mitumbwi ikipeleka abiria.

Nilimkuta kwanza mzee Stephano, mbele ya nyumba ya mapadre. Yeye ni mvuvi, tena ndiye anayetunza redio ya upepo ya parokia, ile ambayo hospitali na misheni za ziwani zinaitana kwayo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kumuaga shangazi yako? Umewahi. Yuko pale majini anasubiri zamu."

"Amepona vizuri?"

"Vizuri sana. Na mama yako Mungu ambariki, alimsimamia kwa niaba yangu. Mimi nilimwambia Gertruda waziwazi, akikimbia kisu asirudi kwangu. Dada yangu aliuficha uvimbe mpaka tukamzika. Mimi sitaki kuzika mwingine. Sasa kadi imesema safi, nami nalala usingizi."

Nikashuka mchangani.

Shangazi Gertruda alikuwa na beseni la usipa mkavu, dagaa wa ziwani, wa kumpelekea mzazi, na nguo za mtoto zimefungwa juu. Aliponiona akatabasamu. Alipouona uso wangu, tabasamu likaondoka.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mama yako yu mzima?"

"Shangazi, nina swali moja tu. Siku ile ulikatwa titi gani?"

Akatazama kule alikosimama mumewe. Akatazama meli.

"Mama yako amekwambiaje?"

"Amesema yeye ni kushoto. Nami najua anakuficha. Kioo cha kushoto ni saratani, shangazi! Kama ni chako sema, turudi, tutafute gari hata la magunia. Daktari anaondoka kesho!"

Alikaa chini juu ya mchanga uliolowa, na khanga yake nzuri.

"Anaumwa?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Tadea anaumwa?"

"Sijui nani anaumwa! Ndiyo nakuuliza! Kushoto au kulia?"

"Mimi sikukatwa, mwanangu."

"Hukukatwa vipi? Jina lako limo kwenye daftari. Kioo chako kipo."

"Niliiona ile sindano, miguu ikakataa. Nikamwambia mama yako, mimi siwezi, na Stephano asijue, ataniacha. Mama yako alikuwa ameshaingia, ameshatoka. Alikuwa na uvimbe pande zote mbili. Hakutaka wewe ujue, alisema utashindwa kufanya kazi. Na daktari siku ile alikuwa anakata sehemu moja tu kwa kila mtu, foleni ilikuwa ndefu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nesi alipoita jina langu, mama yako akachukua kadi akaingia tena. Alisema zamu isipotee. Pale ndani kuna pazia, na wameziba nyuso, nani angemjua? Vyote viwili ni vyake, Ignatio. Kushoto ni yeye. Na kulia ni yeye."

Nikachuchumaa kando yake.

Mama alikuwa amesema kweli. Nilimuuliza, akajibu kweli bila kusita, nami nikamwita mwongo moyoni. Alikataa kuvua nguo ili nesi asione makovu mawili. Alitaka kukatwa, daktari yupo, meza ipo, na kilichokosekana ni jina langu kwenye karatasi.

"Na wewe?" nikamuuliza shangazi. "Uvimbe wako?"

"Ninao," alisema. "Hakuna aliyewahi kuutazama."

Mwenye mtumbwi akaita kwamba ni zamu yake. Shangazi hakuinuka. Nikamwacha pale, nikapanda mchanga mbio mpaka kwa mzee Stephano.

"Mzee, landrova ya kupanda ipo?"

"Leo? Zimeshapanda zote. Mpaka kesho."

"Basi washa redio! Niitie hospitali, mzee, sasa hivi!"

Hakuuliza. Alifungua chumba, akaunganisha betri, akaanza kuita. Mlio ukakoroma, ukapotea, ukarudi. Nami niliyejivunia njia zangu za siri, nikawa nasubiri kuokoa maisha ya mama yangu kwa redio inayosikilizwa na misheni zote za ziwani.

"Hospitali, hospitali, hapa Mbamba Bay. Nipeni Sista Otilia. Ova."

Tukasubiri. Shangazi alikuwa amefika, amesimama nje ya mlango, beseni mikononi. Nyuma yake mtumbwi ulikuwa unaondoka bila yeye.

"Otilia hapa. Ova."

Nikamnyang'anya mzee ile redio.

"Sista, ni Ignatio! Nimekubali! Mwambie Luisa asaini badala yangu, au saini wewe, mimi nimesema! Ni mama, Sista, kushoto ni yeye! Mwandaeni! Ova!"

Redio ikakoroma muda mrefu.

"Ignatio, mama yako hayupo wodini. Alipoona umeondoka alilia, kisha akatoroka. Wanasema amepanda landrova ya mwisho, anakufuata huko ziwani. Daktari amengoja, amechoka, nafasi yake ya kesho amepewa mgonjwa mwingine. Ova."

"Kunifuata? Kwa nini anifuate? Ova!"

"Amemwambia Luisa anakuja kukuziba mdomo kabla hujaongea na Stephano. Ova."

Mzee Stephano aliunyoosha mkono, akaizima redio taratibu. Akamtazama mkewe mlangoni. Kisha akanitazama mimi.

"Haya," alisema. "Kabla mama yako hajafika, niambie wewe. Uongee na mimi kuhusu nini?"